Kosa Ambalo Hakuna Aliyeliona

Ndugu msomaji, nianze na swali. Umefanya kosa. Hakuna aliyeliona ila wewe. Tena waliolipokea wamelipokea kwa shukrani na kulilipia pesa taslimu. Je, hilo bado ni kosa? Au kosa huwa kosa pale tu linapoonekana, kama kibaka ambaye mtaani anaitwa kijana mzuri mpaka siku atakapopigiwa kelele za mwizi?

Najua wapo watakaosema hili ni swali la kitoto, jibu lake tulifundishwa darasa la pili. Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka liliponikuta.

Mimi ni mkazi wa Mkuyuni, hapa hapa Mwanza. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakaniambia basi, pumzika. Nia yangu ni kuandika riwaya, na nina kaunta buku tatu zilizojaa watu ambao bado hawajajua mwisho wao. Lakini riwaya ambayo haijachapwa hailipi kodi ya chumba. Kwa hiyo mchana nilikuwa kwenye steshenari moja ndogo: nataipu barua za kuomba kazi, natoa fotokopi za vyeti, nafunga ripoti za wanafunzi kwa spairo. Kwa kuwa hesabu shuleni haikunipiga chenga sana, nikawa pia yule kijana anayeitwa mtu akitaka kompyuta imjumlishie mambo yake.

Basi bwana, siku moja akaja kijana wa chuo na daftari lililochakaa kwa jasho la mikono. Alikuwa ameweka mshale wa upepo karibu na ufuko, na kila siku alasiri kwa mwezi mzima aliandika upepo unatoka wapi. Hakuandika maneno, aliandika nyuzi za dira: sifuri ni kaskazini, 90 mashariki, 180 kusini, 270 magharibi, halafu unarudi ulikoanzia. Na upepo, kwa watu wa hali ya hewa, hutajwa kwa kule unakotoka, si kule unakokwenda. Yeye alitaka wastani wa mwezi.

Mimi nikaona hiyo ni kazi ya dakika tano. Nikaingiza namba zote 31 kwenye jedwali, chini yake nikaweka fomula ya wastani, kompyuta ikatema: 171. Kusini, pungufu kidogo. Nikaandika, nikachora na mchoro wenye rangi, nikafunga spairo. Akanilipa shilingi 15,000 na kuniita profesa. Nani anachukia kuitwa profesa? Wiki ile ile wakaja wenzake wawili wenye madaftari ya aina hiyo, nikawapa jedwali lile lile wajaze wenyewe.

Sasa, ile ripoti haikuwa ya kupata maksi tu. Kijana yule alikuwa ameahidi kukipelekea majibu kikundi cha akina mama wanaokausha samaki, maana walitaka kujenga majiko mapya ya kubanikia na hawakujua wayaweke upande gani wa nyumba ili moshi usiwaingilie watu. Ripoti ikawashauri: upepo wa alasiri unatoka kusini, kwa hiyo jengeni mwisho wa kaskazini, moshi utakwenda zake.

Katika kikundi hicho yumo mama yangu mdogo. Jioni moja nilimpitia, nikamwamkia, naye akaitikia bila kuinua macho kwenye dagaa aliokuwa akiwageuza. Kwa majivuno ya profesa nikamwambia:

"Mama mdogo, mnajua kwamba upepo wenu wa alasiri unatoka kusini? Kompyuta imethibitisha."

Akasimama. Akanitazama kama anayetazama mtoto mwenye homa.

"Baba, upepo wa alasiri hapa unatoka Ukerewe. Haujawahi kutoka Misungwi. Mimi nakausha dagaa hapa tangu hujazaliwa. Hiyo kompyuta yako inaishi wapi?"

Wenzake wakacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni nilimhurumia. Nilijisemea, watu wetu bado wako nyuma, wanaona kwa ngozi ya shavu wakati dunia inapima kwa mitambo. Nikaondoka nikiwa na uhakika kamili. Ndugu msomaji, naomba uukumbuke uhakika ule, maana ndio mwanzo wa dhambi yangu, kama ni dhambi.

Usiku sikulala vizuri. Kesho yake nikafungua faili na kuziangalia namba moja moja, jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja. Nikaona 340. Nikaona 350. Nikaona 10, nikaona 20. Nikashuka mpaka chini. Katika siku zote 31 hapakuwa na siku hata moja iliyokaribia 171. Hata moja! Chukua hizo nne nilizokutajia: 340, 350, 10 na 20. Zote ni kaskazini, mbili upande huu wa sifuri, mbili upande ule. Zijumlishe, utapata 720. Gawanya kwa nne, utapata 180. Kusini kabisa! Pepo nne za kutoka Ukerewe zimekwenda kwenye kompyuta, na zimetoka huko zikiwa upepo mmoja wa kutoka Misungwi.

Kosa lenyewe ni rahisi ukishaliona. Nyuzi za dira si kama kilo za sukari. Zinazunguka, baada ya 359 hakuna 360, kuna sifuri. Mtu akizijumlisha kama kilo, anapata upepo ambao haukuvuma siku yoyote. Dawa yake tulifundishwa kidato cha nne, kwenye mada ya vekta, ile ambayo wengi wetu tuliuliza itatusaidia nini maishani. Kila siku unaifanya mshale. Unaipasua mishale kwa sini na kosini, upande wa mashariki mbali, upande wa kaskazini mbali, unajumlisha kila upande peke yake, kisha unauliza mshale wa jumla unaelekea wapi. Nilipojaribu mara ya kwanza nikapata upuuzi mtupu, kumbe kompyuta inataka pembe kwa radiani nami nimeipa nyuzi. Nikageuza, nikarudia. Ikatoka 357. Kaskazini. Ukerewe.

Mama mdogo alikuwa sahihi, na mimi ndiye niliyekuwa nyuma.

Hapo sasa ndipo lilipoanza lile swali. Nilikaa siku tisa bila kumwambia mtu. Siku tisa, ndugu msomaji. Sababu nilikuwa nazo, tena nzuri. Ya kwanza, kijana ameshakabidhi ripoti chuoni, nikisema nitamharibia. Ya pili, ile elfu kumi na tano nimeshaila. Ya tatu, mimi ni mtaipu tu. Mwenye ripoti ni yeye na mwenye kuisahihisha ni mwalimu wake. Kama wao hawakuona, mimi wa kidato cha nne ni nani? Ya nne, ambayo sikujiambia kwa sauti: nitaacha kuitwa profesa.

Siku ya tano nilimgusia bosi wangu kwa mafumbo. Yeye ni mtu mwema, hakunishauri kwa ubaya. Akasema, "Dogo, kazi imelipwa, imekwisha. Kama roho inakuuma, mwite mwambie umeona herufi zimekosewa, ubadilishe ule ukurasa mmoja kimyakimya. Wewe umetua mzigo, yeye hana aibu, biashara inaendelea."

Ushauri huo niliuona wa busara kuliko wote duniani. Lakini kadiri nilivyouzungusha kichwani ndivyo ulivyozidi kunikwama kooni, na nitasema kwa nini. Kabla ya hapo, niruhusu nikutoe Mkuyuni kidogo, maana niligundua kuwa sikuwa peke yangu.

Kuna Mmarekani mmoja aitwaye John Christy. Katika miaka ya 1970 alikuwa mwalimu wa fizikia na kemia kwa jirani zetu Kenya, huko Nyeri. Baadaye akawa mwanasayansi wa anga katika Chuo Kikuu cha Alabama, Huntsville. Mwaka 1990, yeye na mwenzake Roy Spencer walitangaza njia ya kupima joto la anga la dunia nzima kwa kutumia setilaiti. Ilikuwa kazi kubwa. Namba zao zilionyesha anga ikipata joto polepole mno, polepole kuliko walivyosema waliokuwa wakipima ardhini, na kwa hiyo zikawa silaha katika mabishano makali ya dunia kuhusu mabadiliko ya hali ya hewa.

Lakini setilaiti zina tabia moja. Miaka inavyokwenda, zinachelewa. Iliyokuwa ikipita juu yako saa fulani ya alasiri, baada ya miaka inapita jioni zaidi, na jioni kuna ubaridi. Usiporekebisha, utadhani dunia inapoa kumbe ni saa tu iliyosogea. Wao walirekebisha. Ila mwaka 2005 watu wengine wawili, Carl Mears na Frank Wentz wa California, waliokuwa na hesabu zao za kushindana nao, walionyesha katika jarida la Science kwamba katika ukanda wa tropiki marekebisho yale yalikuwa na alama iliyogeuka. Palipotakiwa kuongeza, pamepunguzwa. Alama tu, jumlisha na kutoa!

Christy na Spencer wakafanya nini? Walikubali. Walisahihisha programu, wakaipa namba mpya ya toleo kila mtu aone kwamba hii si ile ya jana, na ongezeko la joto katika hesabu zao likapanda kutoka nyuzi 0.088 hadi 0.123 kwa kila miaka kumi. Mabishano yao na wenzao hayakuisha, na katika mengi waliendelea kushikilia msimamo wao. Lakini katika hilo moja walisema: tulikosea, walioliona ni hawa. Waliolitaja ni wapinzani wao! Sikilizeni, vijana wenzangu, mnaogombana kila siku kuhusu nani anajua kuandika: ni mara ngapi tumekubali koma moja tu kutoka kwa mtu tusiyempenda?

Mfano wa pili unanihusu zaidi. Mwaka 1985, Waingereza watatu, Joe Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin, walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika inapungua kupita kiasi kila inapofika majira ya kuchipua ya huko. Hawakuwa na setilaiti. Walikuwa na kifaa cha ardhini cha muundo wa miaka ya 1920, na uvumilivu wa kukisoma mwaka baada ya mwaka. Wakati huo setilaiti ya Marekani, Nimbus 7, ilikuwa angani tangu 1978 ikipima ozoni hiyo hiyo. Namba ndogo ilikuwa imeziona, lakini programu ya kuzichambua ilikuwa imepangwa kuzitilia shaka namba zilizo chini ya kiwango fulani, kwa kuwa kabla ya hapo hakuna aliyewahi kuziona. Zilipotazamwa tena, zikakutwa ni za kweli. Miaka miwili baadaye, 1987, mataifa yakatia saini Mkataba wa Montreal wa kulinda ozoni.

Nilipoyajua hayo nilimwona mama mdogo amesimama na dagaa zake. Kosa langu la kwanza halikuwa la hesabu. Lilikuwa la masikio. Niliambiwa ukweli bure na mtu aliyesimama ndani ya upepo huo miaka yote, nami nikamtilia alama ya shaka kwa sababu hana mtambo.

Turudi sasa kwenye swali. Katika siku zile tisa niliona kwamba neno moja, kosa, linabeba mizigo mitatu tofauti, na tukiichanganya hatutajua tumebeba nini.

Mzigo wa kwanza ni kukosea. Siku niliyoweka fomula ya wastani, sikujua. Sikuwa mwongo, nilikuwa mjinga, na ujinga usio wa makusudi unastahili kuonewa huruma. Wapo watakaosema kosa hilo ni la kompyuta. Hapana. Kompyuta ilifanya kile nilichoiambia, tena kwa utii kuliko mtumishi yeyote. Haina haya wala haina mashaka, hainyanyui kichwa ikauliza, "Bosi, mbona hakuna siku yenye 171?" Kuuliza ilikuwa kazi yangu. Kwa hiyo kosa ni langu, lakini ni kosa jepesi.

Mzigo wa pili ni kunyamaza. Hapa ndipo pana hatari. Namba 171 haikubadilika hata chembe tangu ilipochapwa. Lakini asubuhi ile nilipoziangalia namba moja moja, kitu fulani kilibadilika ndani yangu, na kutoka hapo karatasi ile ile ambayo jana ilikuwa kosa, leo ikawa uongo. Sikuandika herufi hata moja, sikufungua mdomo, na bado nilikuwa nadanganya kila siku, hata nikiwa nimelala. Ndiyo maana siamini tena kwamba kosa ni mpaka lionekane. Liliposhaonekana na mtu mmoja, na mtu huyo ni wewe, limeonekana.

Mzigo wa tatu ni namna ya kurekebisha, na hapa ndipo ushauri wa bosi uliponikwama. Kubadilisha ukurasa kimyakimya kungesahihisha karatasi, lakini kusingesahihisha watu. Wale wenzake wawili wangebaki na jedwali langu bovu, nao wangewapa wengine. Fundi seremala akikata ubao vibaya, ameharibu ubao mmoja. Fomula mbovu haichoki, inaharibu popote inaponakiliwa, tena inaharibu kwa unadhifu na rangi. Na yule kijana angeendelea kuniamini kwa kiwango ambacho sikustahili. Kurekebisha kwa siri ni kuomba msamaha bila kumwambia unayemwomba.

Ni kweli lipo pingamizi, nalo nalipa heshima yake. Mtu ataniambia: ukitangaza kila kosa, nani atakupa kazi tena? Maskini hana akiba ya heshima ya kuchezea. Christy alikuwa profesa, akikosea bado ni profesa. Wewe ukikosea unarudi kijiweni. Hili siwezi kulipuuza. Gharama ya ukweli haigawanywi sawa, na wanaotuhubiria ukweli mara nyingi ni wale ambao kwao ni wa bei rahisi. Lakini nilijiuliza, bei ya ukimya wangu ataibeba nani? Si bosi, wala si chuo. Wataibeba akina mama na watoto wao, watakaokaa kwenye moshi wa majiko yaliyojengwa upande usio wao kwa sababu kijana mmoja wa steshenari alitaka kubaki profesa. Hapo sikuwa nalinda heshima yangu, nilikuwa naikopa kwa wengine bila kuwauliza.

Siku ya kumi nilimpigia simu yule kijana. Akaja. Nikamwonyesha zile namba nne, nikamwambia, "Kaka, nilikosea mimi. Na nimejua kwa siku tisa." Hiyo sentensi ya pili ndiyo ilikuwa ngumu. Hakunikumbatia kama kwenye sinema. Alikasirika, aliniita jina ambalo si profesa, akataka pesa yake. Nilimrudishia kwa awamu mbili. Wenzake wawili niliwatafuta, mmoja alishukuru, mwingine alisema ameshakabidhi na hataki kusikia. Mwalimu wao aliamua nini, sikuambiwa.

Kwa akina mama nilikwenda mwenyewe. Walikuwa bado hawajaanza kujenga. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, vekta zote, sini na kosini, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo umerudi kuniambia kwamba upepo unatoka Ukerewe?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya. Karibu. Geuza hao dagaa." Na kwa hakika hawakuwa wamenisubiri, walishaamua kujenga upande wa kusini tangu siku ile waliponicheka.

Kwa hiyo je, nilisema bure? Nimelifikiria hilo pia. Kama kosa langu halikumdhuru mtu, kulikuwa na haja gani ya kujiaibisha? Nadhani ilikuwepo. Mimi sikujua kwamba hawatadhurika. Mtu aliyeacha shimo wazi njiani hawezi kujisifu kwa kuwa waliopita walikuwa na macho.

Na wewe mwandishi mwenzangu, usidhani haya ni mambo ya watu wa kompyuta. Sisi tunaoandika hadithi tunafanya wastani kila siku. Tunawachukua wavuvi kumi, tunawajumlisha, tunawagawanya, tunapata mvuvi mmoja ambaye hajawahi kuishi ufuko wowote, halafu tunamwita maisha halisi ya Mwanza. Nimerudi kwenye kaunta buku zangu na nimemkuta mmoja wa namna hiyo, ukurasa wa 40. Nimemfuta, na pembeni nimeandika kwa nini.

Steshenari ile sipo tena, lakini jedwali ninalo kwenye flashi. Juu kabisa, kabla ya namba, nimeandika: toleo la pili, la kwanza lilikosewa na mimi, aliyeliona kosa ni mama mdogo wa Mkuyuni.